Tata Lazare Kyabu na Benchi ya Kati ya Kengele Mbili

Kwa miaka ishirini na saba na miezi kumi, Tata Lazare Kyabu amefungua mlango wa dispanseri ya kambi yetu ya reli hapa Kamina kabla ya kengele ya kwanza. Tarehe 31 Desemba 1956 ataufungua mara ya mwisho, atarudisha funguo, na siku ya pili yake atapanda gari la moshi pamoja na Mama Marthe kwenda kijijini kwao, upande wa Kinda, kulima mihogo na kupumzika.

Mimi niliyeombwa kuandika haya ni Noémie Mwadi, ninayepima watoto kwenye mizani katika chumba cha pili cha dispanseri. Waliosoma kunishinda ni wengi kambini. Lakini Mama Marthe alisema, "Andike Noémie, ule anajua," na neno la Mama Marthe halirudishwi. Atakayesoma mpaka chini ataelewa juu ya nini alinichagua.

Tata Lazare alianza kazi mwezi wa Machi 1929, si kama mganga. Alianza na ufagio. Alikuwa amejifunza kusoma kwa mapadri, na alipokuwa akifagia alisoma majina ya dawa kwenye machupa, pole pole, midomo ikicheza. Siku moja daktari alimsikia, akamtuma Elisabethville kwenye masomo ya uuguzi miaka miwili. Alirudi na koti jeupe lililomfika magotini. Mama Marthe alilipunguza kwa mkasi na sindano, na kitambaa kilichobaki kikatosha kofia ya mtoto. Wazee wa kambi wanaikumbuka kofia ile mpaka leo.

Kisha ikaja miaka ya ugonjwa wa malale, ule wa kusinzia. Tata Lazare alizunguka vijiji kwa miguu na baisikeli isiyokuwa na breki, sanduku la sindano mgongoni. Kila mgonjwa alipewa kadi ya manjano yenye vyumba vidogo ishirini. Sindano moja, msalaba mmoja. Vyumba ishirini vikijaa, daktari akipima na kuona damu ni safi, Tata Lazare alikata pembe ya kadi kwa mkasi, na jamaa za mgonjwa wakafanya karamu ya kushukuru. Kila mtu wa upande huu anaijua kadi ile. Ninaomba msomaji aiweke kichwani, maana itarudi.

Wote tuliofanya kazi naye tunajua mambo yake. Anahesabu vidonge kwa Kiluba, kwa sauti, hata mbele ya Wazungu, akisema kwamba kwa Kifaransa hesabu inamponyoka. Hapendi mtu aliyekaa kwenye mlango. Hapendi kuku karibu na dispanseri, na kuku wanajua. Mtoto akilia wakati wa sindano, anamwuliza jina la mbuzi wao. Mtoto anayesema, "Hatuna mbuzi," anachomwa wakati anafikiri.

Lakini watu wengi watamkumbuka kwa ajili ya benchi.

Baada ya vita kambi ilijaa. Watu walikuja kutoka pande zote kwa kazi ya reli, na baadaye kwa kujenga Base, kile kituo cha ndege za jeshi. Pamoja nao ikaja lutuku nyingi kuliko zamani, ile pombe ya mahindi na mihogo inayopikwa kwa siri na kutoneshwa kwenye bomba. Sheria inaikataza. Aliyekamatwa amelewa alipelekwa gerezani siku kumi na nne, akatoka amekonda, akakuta kiu ile ile inamngoja kwenye geti. Gaston, fundi wa kuunganisha mabehewa, aliingia boloko, yaani gerezani, mara saba. Alikuwa akisema yeye mwenyewe, "Kule boloko banajua kipimo ya shati yangu."

Tata Lazare aliitwa mara nyingi gerezani kuangalia wafungwa wagonjwa. Aliwakuta wengine, siku ya pili au ya tatu baada ya kufungwa, wanatetemeka, jasho linawatoka, wanafukuza siafu wasiokuwapo ukutani. Walinzi walisema wanajifanya. Siku moja mwaka wa 1950, mbele ya Gaston aliyekuwa akitetemeka hivyo, aliandika kwenye karatasi, pale penye neno ugonjwa: homa. Akafuta, akaandika: lutuku. Mlinzi akamwambia, "Tata, ile haina ugonjwa, ile ni kosa." Tata Lazare akamjibu, "Kosa haitokake jasho," akaomba blanketi na maji ya sukari na chumvi.

Tangu siku ile alianza kuchunguza. Kambini mwetu kengele ni kipande cha reli kilichotundikwa mbele ya gare, yaani stesheni, kinachopigwa kwa nyundo. Kengele ya kwanza ni ya kuamka. Ya pili ni ya kuitwa majina kazini. Katikati kuna nusu saa. Asubuhi nne Tata Lazare alisimama na saa yake ya mfukoni akiangalia njia. Akaona kwamba katika nusu saa ile wanaume walipita nyuma ya hangari ya makaa, kwa mama mmoja aliyeuza lutuku kopo moja moja. Walisema ni ya kufungua macho. Kopo lile la asubuhi ndilo lililoita mengine yote ya siku.

Basi hakuhubiri. Aliomba mataruma mawili ya zamani, yale magogo yanayolala chini ya reli, akayaweka juu ya mawe mbele ya dispanseri, palepale njia inapogawanyika kwenda hangari. Hiyo ikawa benchi. Kila asubuhi, kati ya kengele mbili, mwenye ugonjwa wa lutuku alikaa pale, akanywa uji wa moto wa Mama Marthe, akanyosha mikono mbele ili Tata Lazare aangalie kama inatetemeka, akapewa dawa akihitaji, akapigiwa msalaba kwenye kadi, akaenda kazini. Aliyekuwa mbaya sana alilazwa kwanza siku tano katika chumba cha nyuma. Kadi zilitoka wapi? Zilikuwa zile za manjano za malale, fungu zima lilibaki kabatini.

Alipoona inaendelea, alikwenda kwa Bwana komisere wa polisi. Daktari alimwandikia barua, lakini miguu ilikuwa yake. Alikwenda mara tano. Mara ya tano komisere alikubali kujaribu: mfanyakazi wa kambi atakayekamatwa amelewa, kama hakupiga mtu wala kuiba, atapelekwa kwenye benchi badala ya gereza. Lakini akikosa asubuhi moja, au akilewa tena, atafungwa, na barua itakwenda kwa mkubwa wake aondolewe kazini. Na sisi watu wa reli tunajua: kazi ikitoka, nyumba ya kambi inatoka nayo, mke na watoto wanapakia vyombo siku ile ile.

Mwanzoni wanawake waliogopa. Kadi za manjano ziliwatisha, maana walizijua kama kadi za ugonjwa unaopita kutoka kwa mtu mpaka mtu. Delphine, mke wa Gaston, alichemsha kopo la mume wake kila jioni na kumlaza jikoni kwenye mkeka. Gaston akaja kwenye benchi na masizi mgongoni, akasema, "Tata, boloko ilikuwa na kitanda." Tata Lazare alikwenda kwao jioni, akaketi, akaomba maji, akayanywa kwenye kopo la Gaston mpaka mwisho mbele ya Delphine. Gaston akarudi chumbani. Hakwenda gerezani tena.

Sasa ninafika kwa Séraphin, mume wangu.

Séraphin anageuza njia za reli hapa gare. Wanaomfahamu leo hawataamini, lakini mwaka wa 1952 alifungwa mara mbili, ya mwisho kwa sababu alikataa benchi kwa haya. Mwezi wa Mei 1953 alikamatwa tena, na mara hii alikubali. Mimi nilikuwa na mtoto wetu wa kwanza, Suzanne, wa miezi minne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kila asubuhi nilisimama mlangoni na Suzanne mgongoni, ninasikiliza kengele ya kwanza, ninamwangalia Séraphin mpaka afike penye njia kugawanyika. Alipogeuka upande wa benchi nilirudi ndani kuwasha moto.

Msalaba wa kwanza, wa tano, wa kumi. Alianza kula. Alianza kumwimbia mtoto. Siku ya ishirini, siku ya Jumamosi, kadi ilijaa, na mimi nikafanya kosa ambalo mtu yeyote wa upande huu angelifanya. Mama yangu aliponywa malale kwa kadi kama ile. Niliona sherehe yake kwa macho yangu. Vyumba ishirini vimejaa, mgonjwa amepona, tunashukuru. Sikuuliza mtu. Siku ya Mungu nilipika kuku wawili na bukari, ule ugali wetu, nikaita jamaa, na Kabongo, kaka mkubwa wa Séraphin, alikuja na damizana, chupa kubwa ya lutuku, chini ya koti lake, maana kwetu karamu ya kushukuru inafunguliwa na aliyepona. Yeye ndiye anakunywa wa kwanza.

Séraphin aliniangalia. Ninaona bado macho yale. Akasema, "Noémie, minyi niliona Tata Lazare hakukata pembe." Nami nikamjibu, "Atakata kesho. Kamata, bantu banangoja." Nilimpa kopo kwa mikono yangu miwili.

Kesho yake kengele ya kwanza ilipolia hakuamka. Ya pili pia. Jua lilipopanda alikwenda kazini bado amelewa. Walimkuta mchana amelala karibu na fimbo ya kugeuza njia, na gari la kutoka Luena limesimama nje ya gare likipiga filimbi. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Polisi wakamchukua.

Nilikimbilia dispanseri bila viatu. Tata Lazare alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuficha kitu, hata kopo. Hakunigombeza. Alivua koti jeupe, akavaa la siku ya Mungu, akatoa kadi ya Séraphin kabatini, akasema, "Beba mutoto, twende."

Kwa komisere alizungumza amesimama, nami nimesimama nyuma yake. Komisere alisema masharti ni masharti, mtu amelewa, basi gereza na barua, na labda benchi yenyewe ifungwe, maana imeshindwa. Tata Lazare akamjibu pole pole, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie:

"Bwana, homa ikirudilia muntu, hatumufunge mu boloko. Tunaanzisha dawa ya kinini mupya. Hata weye mwaka jana homa ilikurudilia, na njo minyi nilileta kinini."

Komisere akasema homa haisimamishi gari la moshi. Tata Lazare akakubali kwamba hilo ni kweli. Akaweka kadi mezani.

"Lakini angalia hii. Asubuhi makumi mbili, hakukosa hata moja. Kosa iko mu kadi yangu. Nilikamata kadi ya malale, ile inaisha ku makumi mbili, nikapatia bantu ba lutuku. Sikubaambia kama yao haiishe vile. Huyu mama alisoma kadi muzuri. Minyi njo niliandika mubaya."

Suzanne akaanza kulia, nikamtoa mgongoni kumnyonyesha palepale, maana sikuwa na la kufanya lingine. Komisere aliitazama kadi muda mrefu. Akauliza sasa itaisha kwa ngapi. Tata Lazare akasema, "Sijue, Bwana. Nikijua nitakuambia." Nilifikiri jibu lile limetumaliza. Lakini komisere akaandika kitu, akasema Séraphin alale siku tatu katika chumba cha nyuma cha dispanseri badala ya gereza, na barua itakaa kwenye droo yake. Itakaa humo, alisema, na atajua ilipo. Akatuonyesha mlango.

Nje nilitaka kupiga magoti. Tata Lazare alinikamata mkono. "Magoti ni ya kanisa," alisema. "Weye utakuya kesho kusaidia Mama Marthe ku uji." Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini dispanseri, kwanza kwenye sufuria, baadaye kwenye mizani.

Jioni ile alichukua kadi nyingine tupu, akapaka unga wa mihogo uliokorogwa na maji ya moto, akaigundisha chini ya ile iliyojaa. Akawaita watu wote wa benchi pamoja na wake zao, akawaonyesha. Kadi ikijaa, inaongezwa nyingine. Hakuna pembe itakayokatwa. Hakuna karamu. Aliyeanguka asijifiche, aje asubuhi ileile hata kama ananuka, atapigiwa duara badala ya msalaba, na uji atapewa. Na kwa wake akasema: mtu akitaka kushukuru, alete munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, mtamu wa siku ile ile, usiochachuka, na yeye ataonja kwanza. Gaston akasema, "Basi Tata atakunywa yote." Watu walicheka, na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu karamu.

Sitasema uongo katika karatasi itakayosomwa na kambi nzima. Kadi ya Séraphin ina duara la karamu ile, na jingine moja, la mwaka 1954, mwezi alipokufa baba yake. Alikuja asubuhi ileile mwenyewe, ananuka, akanyosha mikono. Tangu hapo ni misalaba tu. Ile barua ya kwenye droo haikutoka. Komisere yule amekwisha kurudi Ulaya, na kabla ya kuondoka alimletea Tata Lazare barua ile mkononi. Mama Marthe aliwashia nayo moto wa uji.

Jambo lililoanza na magogo mawili limekua. Mwaka 1954 Gaston alihamishwa Luena, na kule ameweka benchi ya pili, karibu na wachimba makaa. Watu wake wanasema ana ukali kuliko Tata Lazare, naye anawajibu kwamba yeye anajua bei ya mkeka wa jikoni. Mwaka huu wajenzi wa Base wamepata benchi ya tatu. Daftari ya kambi inaonyesha kwamba mwaka 1949 watu wetu arubaini na mmoja waliingia gerezani kwa ulevi, na wengi wao zaidi ya mara moja. Mwaka huu wameingia tisa, ingawa kambi imeongezeka karibu mara mbili. Tisa ni wengi bado. Tata Lazare anawajua kwa majina, na amemwachia majina hayo mganga Émile anayeshika nafasi yake.

Émile ni kijana wa masomo mazuri, na tunampokea kwa furaha. Alipofika alipendekeza kadi mpya, nyeupe, zenye vyumba mia moja. Tata Lazare alizitazama, akasifu karatasi, akauliza, "Na ya mia moja na moja?" Émile alifikiri siku mbili. Wiki iliyopita nilimwona amechukua unga wa mihogo anakoroga gundi, na yenye madonge. Atajifunza.

Kwa niaba ya wote wanaofanya kazi dispanseri, na wa depo, na wa njia, na wanawake wa kambi, tunakushukuru Tata Lazare. Tunakushukuru kwa sindano, kwa kuhesabu kwa Kiluba, kwa kutokujua itaisha kwa ngapi na kusema hivyo mbele ya mkubwa. Tunakushukuru kwa waume waliokula bukari nyumbani kwao jioni wakati wangekuwa gerezani. Mama Marthe, tunakushukuru kwa sufuria zote. Kuna watoto wengi hapa, Suzanne na mdogo wake pamoja nao, ambao hawajawahi kuona vyombo vyao vimewekwa nje ya nyumba, na hawatajua kamwe kwamba ni kwa ajili yenu.

Jumamosi iliyopita Séraphin alikwenda kwenye benchi kama kawaida. Kadi yake sasa ni ndefu, inakunjwa kunjwa kama kinanda cha kuvutwa, na karatasi ya mwisho ilibaki na chumba kimoja. Tata Lazare alipiga msalaba. Séraphin akadhani, kwa kuwa mzee anaondoka, leo labda ataikata pembe, angalau ya kumbukumbu, na akamwambia hivyo. Tata Lazare aliingia ndani. Alitoka na kopo la gundi na kadi tupu, akaigundisha chini ya ile iliyojaa, akaibana kwa kidole mpaka ikashika, akaipuliza. Akamrudishia.

"Hii utamalizia na Émile," akasema. "Enda, kengele ya pili italia."

Séraphin alikwenda kazini. Mimi nilikuwa mlangoni na mizani yangu, nikamwona Tata Lazare anapangusa gundi kwenye vidole na kuangalia njia, kama kila siku, aone nani mwingine anakuja.

Wafwako, asante sana, Tata. Udongo wa kwenu uwe mwepesi kwa jembe lako, usingizi wako upite kengele ya kwanza na ya pili, na kila asubuhi ukikumbuka saa ile, ujue benchi imejaa na uji ni wa moto.